Mpaka Ukuta Ujae

27 Novemba

Juzi tumemaliza mtihani wa mwisho wa kidato cha nne, na leo mvua imeshuka hapa Nsemulwa kama vile ilikuwa inatusubiri tutoke darasani. Kumbikumbi wamejaa uani. Mama anawakaanga, mimi nawakimbiza na beseni, na moyo wangu unaruka kuliko wao, kwa sababu baba amerudi kutoka kazini na habari.

Mtunza stoo wa hanga, lile banda la ndege anakofanya kazi, amekwenda likizo ya uzazi. Wanataka mtu wa miezi mitatu, anayejua kusoma, kuandika na kuhesabu. Baba amenitaja mimi!

Mama akasema, "Huyu Spesi wako atawezaje? Akiita mbuzi, mbuzi mwenyewe hasikii."

Baba akacheka. "Stoo haihitaji kelele. Inahitaji macho."

Baba yangu anaitwa Dieudonne, na ni fundi wa ndege. Shuleni sikuwahi kumwambia mtu kwa sauti, lakini kila ndege ikipita juu ya paa la darasa niliiambia kimoyomoyo: wewe nakujua, baba amekushika tumboni.

Daftari hili amenipa yeye. Yale ambayo mdomo wangu unashindwa, nitayaweka humu.

1 Desemba

Siku ya kwanza! Nimelala saa chache na sina usingizi.

Hanga letu liko pembeni mwa uwanja wa ndege wa Mpanda, na kampuni inaitwa Miombo Air. Ina ndege tatu ndogo na mafundi sita. Stoo ina dirisha, na nyuma ya dirisha kuna ukuta wa mbao uliopakwa rangi nyeupe. Juu ya weupe huo kila kifaa kimechorewa umbo lake kwa rangi nyeusi: umbo la spana, la bisibisi, la tochi, la nyundo. Kifaa kikiwa mahali pake, umbo halionekani. Kikiondoka, umbo linabaki linakutazama kama pengo la jino.

Kila fundi ana vibati vitano vya shaba vyenye namba yake. Bwana Gaspar ni namba moja. Baba ni namba nne. Ukichukua spana, unaacha kibati chako kwenye msumari wake. Ukirudisha, unachukua kibati chako. Mimi naandika kwenye daftari la stoo: kifaa gani, namba gani, saa ngapi.

Kazi ya ndege ikiisha, mtunza stoo anakagua ukuta wote, anatoka nje ya dirisha na kupaza sauti: "Ukuta umejaa!" Mafundi wote wanajibu: "Iende!" Bila maneno hayo hakuna anayetia sahihi, na rubani hapandi.

Leo jioni zamu yangu ilifika. Nikatoka. Nikasema.

"Umesemaje, mwanangu?" Bwana Gaspar akauliza, mkono sikioni.

Nikarudia.

"Jamani, kuna mbu humu ndani?" akasema, na wote wakacheka, hata baba. Halafu yeye mwenyewe akanguruma kwa niaba yangu: "UKUTA UMEJAA!"

Nilitaka kuingia ndani ya sanduku la skrubu. Lakini ndege iliruka, na mimi nilikuwa mmoja wa walioiruhusu!

4 Desemba

Mvua. Spana kumi na mbili zimetoka, kumi na mbili zimerudi.

9 Desemba

Tangazo limebandikwa kwenye mlango wa ofisi. Miombo Air na Anga Ziwa ya Mwanza zimeunganishwa, na sasa ni kampuni moja. Ndege zote zitatengenezwa hapa Mpanda, kwa sababu hapa ni karibu na viwanja vya hifadhini. Mafundi sita wa Mwanza watahamia kwetu. Jumla watakuwa kumi na wawili.

Nafasi ni tisa.

Bwana Gaspar ndiye mwenyekiti wa tawi letu la chama cha wafanyakazi. Alisoma tangazo mara mbili, akavua miwani, akasema, "Watatu."

Nyumbani baba hakumaliza ugali. Nimejua sababu kwa kusikiliza, maana ukiwa kimya watu husahau kwamba upo. Kazi zikipungua, desturi ni kwamba wa mwisho kuingia ndiye wa kwanza kutoka. Anga Ziwa ni ya zamani kuliko yetu, kwa hiyo ukipanga majina yote kumi na mawili kwa tarehe ya ajira, watu wa Mwanza wanakaa juu. Baba alianza mwaka 2009, ila kama kibarua. Ajira ya kudumu alipewa 2016. Miaka saba ya jasho haimo kwenye barua yoyote.

Kwa mpango huo baba ni wa kumi. Watatu wa mwisho ni wa kumi, wa kumi na moja na wa kumi na mbili.

15 Desemba

Wamefika! Nilijiandaa kuwachukia, na nusu saa ya kwanza niliweza.

Walishuka na masanduku yao, na ukuta wao wa vifaa wakiwa wameubeba watu wanne kama jeneza. Wa mwisho kushuka alikuwa mwanamke mrefu mwenye ovaroli iliyofifia magotini, na kalamu ameichomeka kwenye nywele. Nikadhani ni karani. Akapita moja kwa moja hadi kwenye injini iliyokuwa wazi, akainama, akainusa, akasema, "Hii ina mafuta yanayovuja nyuma. Kidogo tu. Nani anaishughulikia?"

Baba alikuwa anaishughulikia. Aliuona uvujaji huo asubuhi ileile.

Anaitwa Nyanzala. Ni fundi namba moja wao, na ndiye mwenyekiti wa tawi lao. Mwanamke! Nimemwangalia mpaka nikaandika namba sita mahali pa tisa.

"Funga mdomo, nzi wataingia," Bwana Gaspar akaniambia dirishani. "Na usimzoee. Huyo amekuja kuchukua sahani ya baba yako."

16 Desemba

Bwana Gaspar amechukua chaki na kuchora mstari katikati ya hanga, kutoka mlangoni hadi ukuta wa nyuma. Kushoto sisi, kulia wao. Kila upande una ubao wake wa vifaa na birika lake la chai.

Meneja mpya, Bwana Abednego, ameuona mstari. Ameuruka, akaenda zake.

18 Desemba

Leo nimesikia haya, na nayaandika kama yalivyosemwa.

Fundi wao Nashon: "Nyie mafundi wa porini, hiyo spana mnaitumia kufungia ndege au kuchimbia viazi?"

Bwana Gaspar: "Na nyie mafundi wa lami, mkiona matope mnaita zimamoto."

Nashon: "Mzee, chaki yako imeisha au bado? Chora na choo basi, tujue tunaingilia wapi."

Nilicheka. Nikakohoa ili ionekane ni kikohozi.

25 Desemba

Krismasi. Kanisani paa lilipigwa na mvua mpaka kwaya ikaacha nyimbo mbili. Wali, kuku, uyoga ambao mama aliununua barabarani kwa watu wa Sitalike.

Baada ya kula baba akanionyesha kibati chake kimoja. Sikuwa najua kwamba vibati vya Miombo Air, vyote thelathini, alivikata yeye kwa mkono kutoka bamba la shaba, alipokuwa kibarua. Akavipiga tupa pembe zote mpaka zikawa za mviringo. "Ili visiwachane mafundi mifukoni," akasema. "Mimi sikuwa na kibati wakati huo. Kibarua hana namba."

5 Januari

Bwana Abednego amekuja dirishani na haraka zake. Simu sikioni, nyingine mkononi.

"Mbao mbili ni za nini? Kampuni ni moja. Unganisha, leo hii. Ukuta mmoja, stoo moja."

Nimehangaika siku nzima, na nimefurahi siku nzima! Ukuta sasa una maumbo mia moja na arobaini, na Nyanzala mwenyewe alinishikia ngazi. Hakuongea sana. Aliniuliza tu, "Unapenda vyuma, au umeletwa?" Nikasema, "Napenda." Akasikia mara ya kwanza! Hakusema "umesemaje".

Lakini kuna jambo. Wao pia wana vibati, na vyao pia vimeandikwa moja hadi sita. Namba nne yetu ni baba. Namba nne yao ni Nashon. Nilitaka kumwambia Bwana Abednego. Nilitoka nje ya stoo kabisa, nikasimama nyuma yake. Alikuwa kwenye simu. Nikahesabu mpaka ishirini, nikarudi ndani.

Mimi naweza kuvitofautisha. Vya Mwanza vimekatwa na mashine, pembe zake kali. Vyetu ni vya mviringo. Nikajiambia inatosha.

12 Januari

Mkutano wa matawi mawili, humuhumu hangani, kila mmoja amekaa upande wake wa chaki. Mimi nilikuwa stoo na dirisha wazi.

Kampuni imesema hivi: wafanyakazi wakubaliane wenyewe jinsi ya kupanga majina, wapeleke pendekezo moja mbele ya msuluhishi tarehe kumi Februari. Wasipokubaliana, kampuni itapanga kwa tarehe ya ajira ya kudumu.

Upande wa Mwanza wanataka tarehe. Sisi tunataka mmoja wenu, mmoja wetu, mpaka tisa watimie.

"Mimi nimefanya kazi miaka ishirini na tatu," Nyanzala alisema. "Unataka nikae chini ya mtu wa miaka tisa kwa sababu tu tunapokezana kama watoto kwenye bembea?"

"Na wewe unataka mtu afukuzwe kwenye hanga alilolijenga mwenyewe," Bwana Gaspar akajibu, "kwa sababu kampuni yenu ilizaliwa mapema?"

Wote wawili wanasema kweli. Hilo ndilo linaloniumiza kichwa.

17 Januari

Barabara ya Ikola imekatika kwa mvua. Malori yamelala njiani. Ndege kubwa, ile yenye injini moja na mlango mpana, imeingizwa hangani kwa ukaguzi wa siku tano. Ikitoka itapeleka dawa, chanjo na wauguzi wawili upande wa ziwani.

Mstari wa chaki umepita chini yake, kuanzia pua hadi mkiani. Bawa la kushoto letu, la kulia lao! Nimeona kichekesho. Baba hakucheka.

21 Januari

Leo nitaandika yote, hata kama mkono utauma.

Ukaguzi ulikuwa unaisha. Asubuhi saa nne kasoro, karatasi ikabandikwa: orodha ya muda ya majina kwa tarehe ya ajira. Baba wa kumi, kama tulivyojua. Ila kujua ni kitu kimoja, na kuona jina lake chini ya mstari mwekundu, baada ya la tisa, ni kingine. Bwana Gaspar akaichana. Watu wa Mwanza wakasimama. Makelele yakaanza, watu wakanyoosheana vidole hadi puani, na mimi nikaona baba anaacha kazi na kukimbia kuwaamua. Ilichukua nusu saa.

Saa kumi jioni nikakagua ukuta. Mia moja thelathini na tisa. Umbo moja lilikuwa wazi: kioo cha kuchungulia, kile kidogo kama kijiko chenye mkono mrefu, wanachoingiza mahali ambapo kichwa cha mtu hakiingii. Kwenye msumari wake kilining'inia kibati namba nne.

Nikatoka nje. Wote walikuwa wamesimama wakisubiri sauti yangu ya mbu.

"Ukuta haujajaa," nikasema.

Safari hii kila mtu alisikia.

"Kioo. Namba nne," nikaongeza.

"Nashon!" Bwana Gaspar akaruka palepale. "Kioo umekipeleka wapi?"

"Mimi? Kioo sijakigusa leo. Kwani nyie hamna namba nne?"

Baba akajipapasa mifuko. "Nilikichukua asubuhi," akasema polepole, "lakini nilirudisha. Nadhani nilirudisha."

Tukatafuta. Chini ya ngazi, ndani ya ndoo, kwenye matambara. Bwana Abednego akaja akiwa amelowa, akasema wauguzi wameshafika, ndege inatakiwa asubuhi, kioo ni kioo tu, kitapatikana.

Nyanzala akakunja mikono. "Kioo kikiwa ndani ya hiyo ndege, kikabana nyaya za mkia, rubani atavuta usukani na hautakuja. Mimi sitii sahihi. Hata ukinifukuza leo."

"Nani anafukuza mtu?"

"Orodha yako."

Katika vurugu hiyo Bwana Gaspar akaja dirishani, akainamisha kichwa. "Mwanangu. Namba nne ni namba nne. Hakuna anayejua ni ya nani, na mtunza stoo naye hajui. Ukiulizwa, hujui. Wala siyo uongo, ni kukaa kimya tu, na kukaa kimya unakuweza kuliko sisi wote."

Nilikitazama kile kibati. Pembe zake zilikuwa za mviringo.

Sikusema kitu. Tumerudi nyumbani, baba mbele na baiskeli, mimi nyuma. Hajaniuliza. Nimekula matonge matatu.

22 Januari

Niliamka na jibu. Namshukuru Mungu na daftari la stoo.

Saa mbili asubuhi wote walikuwa hangani, mvua inapiga mabati, wauguzi wamekaa juu ya maboksi ya chanjo. Nilitoka stoo na daftari kifuani. Nikaenda mpaka kwenye mstari wa chaki, nikasimama juu yake.

"Shikamooni," nikasema. "Naomba kusema."

Sijui kwa nini nilianza na shikamoo. Baadhi waliitikia marahaba.

"Kibati ni cha baba yangu."

Bwana Gaspar akafumba macho.

"Vya kwetu vina pembe za mviringo, vya Mwanza vina pembe kali. Kwa hiyo kioo alikichukua baba, saa tatu na nusu. Lakini imeandikwa hapa kwamba saa nne na dakika tano, wakati wa ugomvi, namba nne alichukua bisibisi, na huyo alikuwa fundi Nashon, maana baba alikuwa anawaamua watu. Akairudisha baada ya dakika kumi. Nikajiuliza, wakati wote wanapigiana makelele, yeye alikuwa anafunga nini?"

Wote wakageuka kumtazama Nashon.

Nashon akajikuna shingo. "Kifuniko cha tumboni, karibu na mkia," akasema. "Kilikuwa wazi, kipo juu ya chaki kabisa. Nikadhani ni cha mwenzangu, kamaliza. Nikakifunga."

"Hukuuliza?" Nyanzala akasema.

"Nimuulize nani, dada? Tungeuliza tungekuwa tunaongea na hawa."

Baba naye alikuwa ameshafika ukutani. Alikitoa kibati msumarini, akapitisha kidole gumba kwenye pembe zake zote nne. "Ni changu," akasema. "Nilikikata mimi. Kifuniko nilikifungua mimi. Niliporudi nikakikuta kimefungwa, nikadhani mtu wetu kafunga na kioo karudisha. Sikuuliza na mimi."

Walilala chini ya tumbo la ndege bega kwa bega, baba na Nyanzala, wakafungua skrubu nane. Nyanzala akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Alipoutoa, kioo kilikuwa kiganjani mwake.

"Kilikuwa kimelala juu ya waya," akasema. Muuguzi mmoja alifanya ishara ya msalaba.

Baba akanipa kibati, nikakitundika kioo. Nikageuka nipaze sauti, nikaanza kulia. Nyanzala akasema badala yangu, kwa upole, "Ukuta umejaa."

Ndege iliruka saa tano. Ndani yake kulikuwa na watu watatu walio hai, na kibati cha baba nilikuwa bado nimekishika.

23 Januari

Barua mbili zimetoka. Moja ya baba, moja ya Nashon. Onyo kali, na hawaruhusiwi kutia sahihi. Chini kabisa imeandikwa kwamba wenye barua za onyo ndio watakaotangulia katika kupunguzwa.

Mama aliisoma, akaikunja. "Umemponza baba yako," akaniambia, na akaenda kupepeta mchele ambao ulishapepetwa.

24 Januari

Asubuhi nilijifunika shuka. Baba akagonga mlango.

"Mwana wanje," akasema. Ni "mwanangu" kwa Kirundi, na Kirundi chake hukitoa mara chache, siku za msiba au za furaha. "Inuka. Stoo haijifungui yenyewe."

Nikapanda nyuma ya baiskeli. Tulipofika getini akasimamisha baiskeli. "Ningeenda kukitazama mwenyewe kile kibati," akasema. "Usiku ule niliogopa kukuuliza. Sikutaka wewe ndiye uamue. Nisamehe."

Baba ameniomba msamaha! Nimeandika ili nisije nikadhani niliota.

26 Januari

Hakuna anayeongea na mtu. Hata Nashon amenyamaza.

28 Januari

Leo saa ya chai Nyanzala alisimama na kikombe chake kitupu. Akavuka chaki. Mzima mzima, kwa miguu yake, mbele ya watu kumi na mmoja. Akaja mpaka kwenye birika letu.

"Chai yetu haina tangawizi," akasema. "Nimevumilia mwezi mzima."

Bwana Gaspar alikitazama kikombe. Halafu akasogeza makalio kwenye benchi.

"Kaa. Ila sukari ujiletee."

"Gaspar, sikiliza. Watu wangu walikuwa salama, nikasema acha orodha iende. Sasa Nashon ana barua. Kesho kampuni itapata kosa jingine, barua nyingine. Hatuwezi kulindwa na tarehe. Nashon naye alikuwa kibarua miaka minne, unajua hilo?"

"Dieudonne saba," Bwana Gaspar akasema.

"Basi tuhesabu miaka ya vibarua. Ya wote."

Wakaanza kuandika nyuma ya boksi la filta. Nilimimina chai mara tatu na hawakuona. Nilifurahi mpaka nikajimwagia chai kwenye sketi.

29 Januari

Matokeo yametoka. Daraja la pili! Fizikia B. Mama amepiga vigelegele, akasahau kwamba amenikasirikia.

2 Februari

Nashon amechukua tambara lenye petroli na kuufuta mstari wa chaki. Bwana Gaspar alimshikia ndoo. "Futa vizuri," akamwambia. "Mafundi wa lami hata kudeki hamjui."

Birika limebaki moja. Lina tangawizi.

6 Februari

Wananitaka nikaseme mbele ya msuluhishi. Mimi! Nyanzala anasema barua za onyo zitafutwa tu kama itaonekana kwamba kosa halikuwa la watu wawili, bali la namba mbili kwenye ukuta mmoja na chaki moja chini ya ndege.

Nimesema ndiyo.

10 Februari

Chumba kilikuwa kidogo, feni haizunguki. Msuluhishi ni mama mmoja mwenye kilemba cha buluu. Bwana Abednego alikaa upande mmoja na mwanasheria. Upande wetu Nyanzala na Bwana Gaspar walikaa kwenye meza moja, karatasi moja.

Pendekezo lao: miaka ya kibarua ihesabiwe. Barua zifutwe. Ukaguzi mkubwa wa ndege, ambao kampuni inaupeleka nje ya nchi, ufanyike Mpanda, na kwa kazi hiyo nafasi ziwe kumi.

Nikaitwa. Niliweka vibati viwili mezani, namba nne na namba nne. Mama wa kilemba akavigusa pembe.

"Uliona lini kwamba namba zinafanana?"

"Tarehe tano Januari, siku nilipoambiwa niunganishe."

Mwanasheria akasimama. "Na hukumwambia mtu yeyote?"

"Hapana."

"Kwa nini? Hilo si lilikuwa jukumu lako?"

Nikamwangalia baba aliyekaa benchi la nyuma. Nikasema kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua, "Ndiyo, lilikuwa jukumu langu. Niliogopa. Nilisimama nyuma ya Bwana Abednego nikahesabu mpaka ishirini. Ningesema, kioo kisingekaa siku nzima bila mwenyewe. Kosa hilo ni langu, niandikieni barua na mimi. Lakini mafundi waliokuwa hawaongei walikuwa kumi na wawili, na chaki ilionekana na kila mtu, na bosi aliiruka."

Bwana Abednego akatazama viatu vyake. Halafu, na hili nalitaka likumbukwe kwa heshima yake, akasema, "Niliiruka. Ni kweli."

Majibu baada ya siku saba. Siku saba!

13 Februari

Mvua. Nimesahau kuandika spana moja, nikaikumbuka kabla fundi aliyeichukua hajaondoka.

17 Februari

Nafasi ni kumi! Miaka ya vibarua imehesabiwa. Barua zimefutwa, na badala yake baba na Nashon watasimamiwa miezi miwili kabla ya kutia sahihi tena. Fundi mmoja wa Mwanza ameomba kurudi kwao, mke wake ni mgonjwa. Wakabaki kumi na mmoja. Lazima mmoja aondoke, na wa mwisho kwenye orodha mpya ni Alex, fundi wa upande wetu, mwenye mtoto wa miezi minne.

Bwana Gaspar akainuka. "Mimi nina miaka hamsini na nane," akasema. "Nitastaafu mapema, kwa masharti yote. Mpunga wangu kule Mpimbwe unaliwa na ndege wasio na injini."

Ndipo nikaikumbuka orodha ile aliyoichana. Jina lake lilikuwa la sita. Tangu siku ya kwanza alikuwa salama. Chaki, matusi, hata ule ushauri mbaya alionipa dirishani, hakuna hata kimoja alichokifanya kwa ajili yake mwenyewe. Mimi nilimwona mzee wa hila. Bado nadhani alikosea. Lakini alikosea akiwa amewashika watu wengine mkono.

20 Februari

Baba amepata bamba jipya la shaba. Anakata vibati hamsini, moja hadi kumi. Nashon anapiga tupa pembe.

27 Februari

Siku yangu ya mwisho. Jumatatu mwenye stoo anarudi, na Nyanzala ameshaniandikia barua ya kwenda chuo cha ufundi wa ndege. Mama amebandika nakala yake ukutani sebuleni.

Lakini leo! Ndege ya kwanza kukaguliwa na kampuni yote imemalizika saa tisa. Baba amefanya injini yote. Nyanzala amesimama nyuma yake, akatia sahihi, akampa kalamu airudishe yeye mezani.

Nikakagua ukuta. Mia moja na arobaini. Hakuna umbo hata moja lililokuwa wazi.

Nikatoka. Nje ya uzio, chini ya mwavuli, alisimama Bwana Gaspar na gunia lake la vitu, anasubiri bodaboda. Hangani palikuwa na genereta inawaka, mvua inapiga mabati, na rubani amewasha redio. Baba akanitazama. Hakuna aliyejitolea kuniazima sauti.

Nikavuta pumzi mpaka tumboni.

"UKUTA UMEJAA!"

Mwavuli kule nje ukaruka. Na jibu la kwanza lilitoka huko, ng'ambo ya uzio, kabla ya mafundi wote kumi.

"IENDE!"

Ikaenda. Koo linaniuma mpaka sasa.